Mama yu taabani, kaka yangu amefungwa maisha: je, ataruhusiwa kuja kumwona?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaunti ya Kilifi, nyumba moja na mama yangu mzazi. Nakuandikia kwa ajili yake na kwa ajili ya kaka yangu mkubwa.

Kaka alikamatwa mwaka 2005 akiwa na miaka 22. Yeye na rafiki yake, mtoto wa jirani, walikuwa wamenunua injini ya mashua kwa ubia, wakaja kukosana kwa sababu ya pesa za samaki. Siku hiyo walianza kwa maneno pale dikoni, mashua zinapofikia, watu wakadhani yataisha kama kawaida yao. Kaka alikuwa ameshika kisu cha kupasulia samaki. Yule kijana hakufika hospitali. Sisi hatujawahi kusema kaka hakufanya. Hata mahakamani alikiri kwamba mkono ni wake, ila akasema hakukusudia kuua. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa. Mwaka uliofuata Rais Kibaki akawabadilishia waliohukumiwa kifo, ikawa kifungo cha maisha, na kaka akiwemo. Rufaa alikata, ikatupwa.

Sasa mama ana saratani ya ini. Daktari ametuambia tumtunze nyumbani, tumpe dawa za maumivu, na tusimzungushe tena hospitali kwa hospitali. Bado anazungumza vizuri asubuhi, lakini ikifika alasiri anachoka. Kila akiamka ananiuliza kama kaka ameambiwa. Baba alipofariki tulimzika siku ile ile baada ya swala ya alasiri, na kaka alipata habari wiki nzima baadaye, kupitia mtu aliyekwenda kumtembelea mfungwa mwingine. Sitaki ya baba yajirudie kwa mama.

Yako mengine yanayonichanganya. Kaka ameniambia kwamba huko ndani wanasema kifungo cha maisha siku hizi ni miaka 30, kwa hiyo yeye amebakisha kidogo. Halafu kuna bwana mmoja amekuja nyumbani, anasema anajuana na watu na anaweza kuliingiza jina la kaka katika orodha ya msamaha wa Rais tukimpa shilingi laki mbili, nusu kwanza. Mjomba ameshaanza kuulizia mnunuzi wa kiwanja cha mama.

Shangazi yetu naye anasema tusifanye lolote kabla ya kwenda kwa wazazi wa yule kijana. Nyumba yao iko nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka kwetu. Tunasalimiana, tunahudhuriana arusi, lakini jambo lenyewe halijawahi kutajwa. Mjomba anasema tukienda tutafukua kaburi.

Nifanye nini, na nianze na lipi?

Dada wa mfungwa, Kilifi

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mama yako apewe wepesi.

Umenieleza mambo manne kwa pamoja, na naona ndivyo yanavyokulemea: ugonjwa wa mama, kifungo cha kaka, bwana wa laki mbili, na wale jirani. Yatenganishe. La mama halingoji, kwa hiyo ndilo la kwanza, na usiliunganishe na lile la kupunguziwa kifungo. Barua inayoomba mfungwa amwone mama yake mgonjwa ikichanganywa na malalamiko ya hukumu, atakayeisoma ataiweka kando akisema hilo ni la mahakama.

Na usiombe ruhusa ya mazishi. Omba amwone mama angali hai. Sisi Waislamu wa pwani tunazika haraka, wewe mwenyewe umeona ya baba yenu. Mfungwa wa maisha hawezi kutolewa getini ndani ya saa tatu tu. Panahitajika kibali, gari, askari wa kumsindikiza na simu za kwenda na kurudi. Kibali kikipatikana, maiti imeshazikwa. Lakini mama anayezungumza asubuhi anaweza kuombewa siku na saa maalumu. Watu wengi hawaombi hili kwa sababu wanaona kama kumtabiria mgonjwa kifo, na mwisho wanakosa yote mawili.

Uamuzi uko mikononi mwa wakuu wa magereza, na wanaweza kukataa. Sikufichi hilo. Lakini huendi mikono mitupu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Desemba 2015 kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 70 inasema mfungwa aambiwe mara moja ndugu yake wa karibu anapougua sana au kufa, na kwamba kila hali inaporuhusu, aruhusiwe kwenda kando ya kitanda cha mgonjwa huyo au kwenda mazishini, kwa kusindikizwa au peke yake. Si sheria iliyotungwa na Bunge letu, lakini Katiba yetu, kifungu cha 51, inataka sheria za waliofungwa zizingatie makubaliano ya kimataifa ya haki za binadamu. Itaje kanuni hiyo kwa nambari yake katika barua.

Jina la Mandela katika kanuni hizo lina uzito wake hapa. Alihukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964. Mama yake alifariki mwaka 1968, akaomba kwenda kumzika, akanyimwa. Mwaka uliofuata mwanawe wa kwanza, Thembi, akafa katika ajali ya gari, akaomba tena, akanyimwa tena. Mtu huyo akatoka gerezani akaja kuwa Rais wa nchi iliyomfunga. Mimi kila nikifikiria habari hiyo naona wazi kwamba kumzuia mtu asimuage mama yake hakuongezi usalama wa mtu yeyote. Adhabu ya kaka yako ni kunyimwa uhuru wake. Mama yako hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Barua iandike kwa mkuu wa gereza aliko kaka, na ikiwezekana ipeleke kwa mkono wako upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Juu kabisa weka jina kamili la kaka na nambari yake ya mfungwa. Ambatanisha barua ya daktari inayotaja ugonjwa na kusema wazi kwamba hauponi tena, barua ya chifu inayothibitisha undugu, na nakala za vitambulisho, chako na cha mama. Eleza mama anakuwa na nguvu saa ngapi. Wewe umesema asubuhi, basi andika asubuhi, kwa sababu askari wakifika saa kumi alasiri watamkuta amelala.

Hapo pana jambo moja ambalo huenda hukulifikiria. Usiombe aletwe nyumbani. Nyumba yenu iko hatua chache kutoka kwa wazazi wa marehemu. Gari la magereza likisimama pale, kaka yako akashuka na pingu, mtaa wote utatoka nje, na mama wa yule kijana atachungulia kama wengine. Fikiria moyo wake. Fikiria pia afisa anayepima usalama: akisoma anwani hiyo ana sababu tosha ya kukataa. Pendekeza mkutano ufanyike katika kituo cha afya mnakochukulia dawa, siku mnayoenda. Na kama mama anaweza kuvumilia safari akiwa amelazwa nyuma ya gari, omba njia ya pili humo humo kwenye barua: ziara maalumu gerezani, isiyo ya kuzungumza kwa kupigiana kelele kupitia wavu, akae naye chumbani amshike mkono. Njia ya tatu ni simu, waonane sura ikiwezekana, na iombe vilevile. Anayekataa la kwanza huwa mwepesi kukubali la pili.

Nije kwenye kifungo.

Hiyo habari ya miaka 30 haikutoka hewani. Julai 2023, Mahakama ya Rufaa iliyokaa hapo hapo Malindi, katika kesi ya mfungwa aitwaye Manyeso, ilisema kumfunga mtu maisha bila kikomo na bila nafasi ya kuangaliwa tena ni kinyume cha Katiba, ikampa miaka 40 badala yake. Desemba mwaka huo, majaji wa Mahakama ya Rufaa Kisumu, katika kesi nyingine, wakasema maisha yahesabiwe kuwa miaka 30. Habari hizo zilienea magerezani kwa kasi, na ni haki yao wafungwa kuzishika, maana mtu asiyejua tarehe yake ya kutoka hushika chochote kinachofanana na tarehe. Lakini tarehe 11 Aprili 2025 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya mahakama zote, iliutengua uamuzi wa Malindi na kurudisha kifungo cha maisha, ikisema kwamba suala hilo halikupitia mahakama za chini kama inavyotakiwa. Kwa hiyo kaka asihesabu miaka 30. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaambiwa na mwingine kwa maneno makali.

Mimi naamini Bunge lina deni hapa. Mahakama ya Juu yenyewe, Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, ilipendekeza Mwanasheria Mkuu na Bunge watafute maana ya kifungo cha maisha na kukitungia sheria, hata ikiwezekana kukiwekea kima cha chini cha miaka. Mfungwa mwenye kifungo cha miaka akiwa na bidii na tabia njema hupunguziwa theluthi moja, lakini sheria ya magereza inamtoa wa maisha katika punguzo hilo. Aliyepewa miaka 30 anaweza kutoka baada ya 20. Wa maisha anaweza kuwa mtu mwema kwa miaka 40 na isihesabiwe popote. Sisemi kila mtu aachiliwe. Wako ambao kutoka kwao ni hatari, na hao wabaki. Nasema kila mtu awe na siku anayojua kwamba ataitwa, aulizwe amekuwa mtu gani, na walioumizwa naye waulizwe pia.

Hata hivyo kaka yako ana mlango ambao wengi hawana, na nadhani hamkuambiwa. Kesi hiyo hiyo ya Muruatetu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la kuua bila kusikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi huo ni wa kesi za kuua kwa kukusudia tu. Wa wizi wa mabavu na wa makosa mengine waliachwa nje. Kaka yako alihukumiwa kwa kuua, mwaka 2008, wakati jaji hakuwa na hiari. Anaweza kuomba Mahakama Kuu isikilize upya adhabu, adhabu tu. Kesi yenyewe haifunguliwi.

Upande wa mashtaka huenda ukasema hukumu yake ilishabadilishwa na Rais Kibaki Agosti 2009, pamoja na wafungwa wengine zaidi ya 4,000, kwa hiyo hana la kudai. Jibu lake ni kwamba ile ilikuwa huruma ya Rais, wote kwa mkupuo mmoja, na hakuna jaji aliyewahi kumsikiliza yeye kuhusu adhabu yake. Mahakama Kuu imewahi kusikiliza maombi ya watu waliobadilishiwa hukumu kama yeye. Ombi hilo wafungwa wengi huliandika wenyewe humo ndani na gereza hulipeleka mahakamani, lakini kwa jambo kubwa hivi nawasihi mtafute wakili au msaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na kimefundisha wafungwa wasaidizi wa kisheria. Iko pia huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo.

Jaji ataangalia umri wake alipotenda, na miaka 22 ni ujana. Ataangalia kama lilikuwa kosa lake la kwanza, namna tendo lilivyotendeka, kama anajuta, kama amebadilika na anaweza kuishi tena na watu, na athari kwa familia ya aliyeuawa. Ikusanyeni karatasi yote: vyeti vya ufundi alivyopata gerezani, ripoti za tabia, barua ya imamu. Muda aliokaa rumande tangu 2005 nao unapaswa kuhesabiwa. Lakini msiingie mkidhani ni lazima atoke. Jaji akishamsikiliza anaweza kumpa miaka, na anaweza kumwacha na kifungo hicho hicho cha maisha.

Bwana wa laki mbili, mfunge mlango. Msamaha wa Rais upo katika Katiba, kifungu cha 133, na una kamati ya kumshauri Rais, ambamo wamo Mwanasheria Mkuu na Waziri anayehusika na magereza. Kupeleka ombi ni bure. Mfungwa analiandika mwenyewe, au ndugu zake, linapita mikononi mwa kamati, hakuna orodha ambayo mtu wa mtaani anaingiza jina kwa nusu kwanza. Kiwanja cha mama kisiuzwe. Mwambie mjomba wako, kwa adabu zote, kwamba anayetaka pesa ya msamaha akitaka nusu kwanza, nusu hiyo ndiyo yote aliyokuja kuchukua. Na kama mnataka kuomba msamaha huo, ombeni, hauzuii ombi la mahakamani. Ila nendeni kwanza mahakamani, maana huko kaka atasikilizwa na atapewa sababu za uamuzi.

Shangazi yako ana haki kuliko mjomba. Nalisema bila kusitasita.

Mnasalimiana na wazazi wa marehemu kwa miaka ishirini na jina la mtoto wao halijatajwa. Kwao kaburi halijawahi kufukiwa. Mkipeleka ombi mahakamani, afisa wa probesheni, anayeichunguzia mahakama habari za mfungwa, atakuja kijijini, atakwenda kwa chifu, na atabisha mlango ule ule nyuma ya msikiti kuwauliza wanasemaje. Kamati ya msamaha nayo inaweza kuzingatia maoni yao. Mnataka wasikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa afisa aliyeshika faili?

Nendeni, lakini msiende kuomba saini. Siku ya kwanza msitaje mahakama kabisa. Aende shangazi na mtu mzima mmoja wa kiume anayeheshimiwa nao, na wewe ukipenda, mkakae, mkamtaje kijana wao kwa jina, mkaseme kwamba mkono wa kwenu ndio uliomtoa duniani na kwamba hamkuwahi kuja kuyasema haya. Kisha mnyamaze. Wakilia, lieni nao. Wakiwafukuza, tokeni kwa heshima na msirudi mpaka muitwe. Msipeleke pesa. Najua dini yetu ina diya, yaani fidia ya damu, na ina afuwa, yaani msamaha, na wakitaka kulizungumza hilo ni lao kulianzisha, lakini diya haiondoi hukumu ya Mahakama Kuu, na pesa inayofika kabla ya pole itawauma mara ya pili.

Siku nyingine, wakikubali kuwaona tena, ndipo muwaambie kwamba kaka anataka kuomba adhabu yake isikilizwe upya, na kwamba watakuja kuulizwa. Wakisema hawajasamehe, wana haki hiyo, na wasibembelezwe. Maoni yao jaji atayasikia na kuyapima pamoja na mengine. Hayamfungi mikono. La muhimu ni kwamba yakisemwa yawe yao kweli, wala yasiwe ya watu waliozungukwa kwa siri.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa daktari ukachukue ile barua, kisha kwa chifu. Wiki hii hii ifike gerezani. Kama siku ya kutembelea iko karibu, nenda ukamwambie kaka hali ya mama kwa ukweli wake, na umwombe naye aandike ombi lake huko ndani ili yakutane mezani kwa mkuu. Mwulize mama kama ana maneno anayotaka kumpelekea, uyaandike kama anavyoyasema yeye.

Usipopata jibu ndani ya siku chache, usiandike barua nyingine. Rudi getini na ile nakala yenye muhuri, uombe kumwona afisa wa ustawi wa wafungwa au mkuu mwenyewe. Ukijibiwa, liwe la kukubali au la kukataa, niandikie nijue tunaelekea wapi na lile ombi la Mahakama Kuu.